Muhogo, Mpira na Picha ya Babu: Historia Fupi ya Gundi kwa Mtu Mwenye Albamu

Naanza kwa kukiri kosa, maana bila kosa hilo makala haya yasingekuwepo. Nilipokuwa kidato cha pili hapa Songea, picha pekee ya babu yangu iliyobaki nyumbani ilichanika. Ni picha ya nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja: babu amesimama mbele ya pazia la studio, kofia mkononi, baiskeli pembeni. Mimi, niliyejiona fundi wa nyumba nzima, nikatoa selotepu kwenye begi la shule, nikaunga mbele na nyuma, nikabandika kwenye albamu. Bibi alifurahi. Siku ile finyango langu lilikuwa kubwa kuliko la wengine wote.

Desemba iliyopita nimerudi likizo, Lizaboni. Bibi akaniita, "Mjukuu wangu, hebu njoo uione dawa yako." Nikafungua albamu. Selotepu imegeuka rangi ya chai ya rangi. Plastiki yake ya juu imeachia yenyewe, na pale palipokuwa na gundi umebaki mchirizi wa kahawia unaopita katikati ya kifua cha babu. Nikavuta kidogo tu, nione. Kipande cha kola kikaondoka nacho.

Bibi hakunilaumu. Alisema, "Basi, usivute tena." Lakini mimi nasoma kemia, tena shahada ya pili, na swali lilibaki kichwani usiku kucha: kwa nini gundi niliyoiona ya kisasa imeiharibu picha, wakati kwenye albamu hiyohiyo kuna picha zilizobandikwa kwa uji wa muhogo kabla mama yangu hajazaliwa, na bado ziko safi? Nimesoma, nimeuliza, nimejaribu jikoni. Ninachokuandikia hapa ndicho nilichokipata. Kama nyumbani kwenu kuna albamu, hii inakuhusu.

Gundi ni ya zamani kuliko unavyodhani

Tuanze mbali kidogo. Katika pango la Sibudu, KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, watafiti walikuta zana za mawe zenye mabaki ya gundi ya miaka kama 70,000. Watu wale walichanganya utomvu wa mti na unga wa udongo mwekundu, wakaukausha mchanganyiko huo karibu na moto, wakaunganisha jiwe na mpini. Mwaka 2009 Lyn Wadley na wenzake walieleza kwamba kazi hiyo ilihitaji akili nyingi: moto ukizidi gundi inakuwa na mapovu na kuvunjika, ukipungua haishiki. Kwa maneno mengine, mapishi. Na huko kusini ndiko walikotoka wahenga wa Wangoni kabla ya safari yao ndefu ya karne ya 19 iliyowafikisha hapa Ungoni. Simaanishi kwamba walikuja na gundi ya Sibudu. Kati yao kuna makumi ya maelfu ya miaka. Nasema tu kwamba Afrika hatukusubiri duka la vifaa vya shule ili tujue kugandisha vitu.

Kama ulikua kijijini unajua ulimbo. Unagema utomvu, unauchemsha au kuutafuna mpaka uwe mzito, unaupaka kwenye kijiti, ndege akitua hatoki. Ulimbo una tabia moja ya kukumbuka: haukauki. Unabaki unanata muda wote. Gundi nyingine, kama uji, hushika baada ya kukauka. Tofauti hiyo moja, ya kunata bila kukauka na kukauka ndipo ishike, ndiyo itakayotuamulia kesi ya babu. Selotepu, kwa ufupi, ni ulimbo uliopakwa kwenye plastiki.

Picha yenyewe imeshikwa na gundi

Kabla hujapaka chochote kwenye picha ya zamani, jua umeshika nini. Picha za nyeusi na nyeupe za karne ya 20 zina karatasi chini, na juu yake utando mwembamba wa jelatini. Ndani ya jelatini ndiko zilikotapakaa chembe ndogo za madini ya fedha, na chembe hizo ndizo sura ya babu. Jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe. Ni ndugu wa gundi ya ngozi ambayo maseremala wa Misri ya kale waliitumia kwenye samani. Mwingereza Richard Leach Maddox alipendekeza kuitumia kwenye upigaji picha mwaka 1871, na baada yake kazi ya picha ikawa rahisi kiasi cha kufika hadi studio za miji midogo kama wetu.

Hapa pana kisa kimoja nakipenda. Kampuni ya Kodak ilikuwa inasumbuliwa na jelatini: nyingine ilitoa picha nzuri, nyingine ikawa nzito kuona mwanga, wakati zote zinatoka kwa ng'ombe. Mwaka 1925 mkemia wao Samuel Sheppard alieleza sababu: ng'ombe waliokula mimea ya jamii ya haradali waliacha kwenye jelatini kiasi kidogo sana cha kampaundi zenye salfa, na salfa hiyo ndiyo iliyozipa chembe za fedha wepesi wa kuona mwanga. Kumbuka hiyo salfa. Inasaidia picha kuzaliwa, lakini tutakutana nayo tena ikija kama adui.

Jelatini ina udhaifu mwingine: hupenda maji. Ikilowa huvimba, hulainika, na kukaa kama gundi mbichi. Ndiyo maana picha mbili zilizolowa masika, zikikauka zikiwa zimebanana, hazitengani tena.

Ndugu wawili wa shamba moja

Sasa tuje kwenye mimea miwili. Muhogo unaufahamu. Ulitoka Amerika Kusini, ukaletwa Afrika na Wareno. Ndugu yake pia unamfahamu, pengine bila kujua: ni ule mti ambao majani yake tunayaita kisamvu cha mpira. Wataalamu wa mimea wanaiweka yote miwili katika jenasi moja, Manihot. Mmoja unatupa wanga, mwingine unatoa utomvu wa mpira.

Wajerumani waliupanda mti huo wa mpira kwa wingi katika mashamba makubwa ya koloni lao mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla ya hapo, mpira wa kusini ulitoka msituni, kwenye mitoro inayotambaa juu ya miti, ukafika pwani kupitia Kilwa na Lindi. Mashamba hayakudumu. Mpira wa mti mwingine, uliopandwa Asia kwa wingi na kwa bei ndogo, uliangusha soko mwaka 1913. Miti ikabaki, na sisi tukabaki na mboga. Si hasara kubwa ukiiunga kwa karanga.

Ndugu hawa wawili ndio wanaogombana kwenye albamu ya bibi. Upande mmoja ni uji wa muhogo, upande mwingine ni gundi zenye mpira ndani yake. Tuwasikilize kwa zamu.

Muhogo: uji unaoshika

Ukiuangalia unga wa muhogo kwa hadubini, unaona punje za wanga, duara duara, zimefungwa vizuri. Ndani ya kila punje kuna minyororo mirefu ya glukosi, ya aina mbili: amilosi, ambayo imenyooka, na amilopektini, yenye matawi mengi. Kwenye maji baridi punje hazifanyi kitu, zinatuama tu chini. Ukipasha, kwenye nyuzi joto 60 hadi 70 hivi, maji yanaingia, punje zinavimba na kupasuka, na minyororo inatawanyika. Ndiyo ile dakika uji unabadilika ghafla: ulikuwa mweupe kama maziwa, sasa unaangaza na mwiko unakuwa mzito. Hapa Songea tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi kama 96 tu, lakini kwa kazi hii hizo zinatosha na kubaki.

Kwa nini uji huo unashika karatasi vizuri hivyo? Kwa sababu ni wa ukoo mmoja na karatasi. Karatasi ni selulosi, na selulosi nayo ni mnyororo wa glukosi. Tofauti ni namna glukosi zilivyounganishwa. Minyororo ya wanga ikilala juu ya nyuzi za karatasi, kati yao kunatokea mivutano midogo mingi ya haidrojeni. Mmoja mmoja ni dhaifu, lakini iko mamilioni. Na uzuri wake ni huu: maji yakirudi, mivutano inaachia. Uji uliokauka miaka 50 ukiulowesha taratibu, unalegea na karatasi inatoka nzima.

Hiyo sifa ya kuweza kutenguliwa ndiyo watu wa makumbusho na nyaraka wanaitafuta kuliko zote. Kule Japani mafundi wa karatasi wametumia gundi ya wanga wa ngano kwa karne nyingi, na hadi leo maabara za kutunza nyaraka Ulaya na Marekani zinapika uji huohuo. Siri yao ni moja: hawatumii unga mzima, wanatumia wanga peke yake. Unga wa ngano una protini, na protini huongeza rangi ya njano na kuwaita wadudu. Muhogo una protini kidogo sana, kwa hiyo bibi zetu walianza mbele bila kujua.

Je, uji hauna kasoro? Unazo. Mende na wadudu wengine wanaokula karatasi wanaupenda kama wewe unavyopenda chipsi. Ukiwa mwingi na mbichi, masika ya Songea yakiingia, unaota ukungu. Mafundi wa kujalidi vitabu wa zamani waliongeza sumu kwenye uji, mojawapo ikiwa mrututu, uleule ambao wakulima wa kahawa wanaujua kama dawa ya magonjwa ya majani. Wewe usiutumie kwenye albamu: shaba iliyomo huharakisha kuchoka kwa karatasi. Wengine walitia tone la mafuta ya karafuu, ambayo yanazuia ukungu na hayana ukali huo. Dawa bora zaidi ni kupika kidogo, kutumia siku hiyohiyo, na kupaka tabaka jembamba.

Mpira: ulimbo wa dukani

Mwaka 1925 kijana aitwaye Richard Drew, wa kampuni ya 3M kule Minnesota, alitengeneza utepe wa karatasi unaonata kwa ajili ya mafundi wa rangi za magari. Mwaka 1930 akatoa ule wa kuangaza. Mwaka huo Marekani ilikuwa kwenye mdororo mkubwa wa uchumi. Watu hawakuwa na fedha ya kununua vipya, wakaunga vya zamani, na utepe ukapata soko. Uingereza nao walitoa wa kwao mwaka 1937, kwa jina la Sellotape. Ndiyo maana sisi tunasema selotepu, hata kama umetoka China.

Gundi ya tepu zile ilikuwa mpira wa asili uliochanganywa na utomvu mkavu wa miti. Haikauki, kama ulimbo. Unabonyeza tu, imeshika. Lakini mnyororo wa mpira una vifungo maradufu kati ya kaboni zake, na hapo ndipo oksijeni ya hewa inapopenya. Kwanza minyororo inakatika, gundi inalainika na kuwa kama mafuta, inazama ndani ya karatasi. Utaona karatasi inaangaza kama iliyofungia maandazi. Baadaye vipande vinaungana upya vibaya, vinakuwa vigumu na vya njano, halafu kahawia. Plastiki ya juu haina tena cha kushikilia, inadondoka. Doa linabaki. Maji hayaliondoi, na hata kemikali za maabara zikifika hapo zinapata kazi. Ukitazama kifua cha babu yangu, hatua zote hizo zimeandikwa.

Ndugu wengine wa kundi hili ni solusheni ya mafundi baiskeli na ile gundi ya mafundi viatu inayonuka mpaka kichwa kinauma. Nimeona watu wakibandikia picha, eti inashika vizuri. Hapa ndipo salfa inaporudi. Tangu Charles Goodyear agundue mwaka 1839 kwamba mpira ukipashwa moto na salfa unakuwa imara, salfa na mpira ni marafiki, na gundi nyingi za mpira zinaibeba. Ikikutana na chembe za fedha kwenye picha, inazigeuza kuwa salfaidi ya fedha, yenye rangi ya njano hadi kahawia. Sura inafifia kuanzia nyuma ya picha kuja mbele.

Na hizi nyingine je?

Gundi nyeupe ya maseremala na ya mashuleni ni polivinili asetati, iliyoanzia kwa Mjerumani Fritz Klatte mwaka 1912. Kwa boksi, jalada au madaftari ya shule ni nzuri. Kwa picha, hapana: ikikauka inakuwa plastiki, haitenguki kirahisi, na aina nyingi hutoa mvuke wa asidi ya siki kadiri zinavyozeeka.

Supa gluu ilikutwa kwa bahati na Harry Coover mwaka 1942, wakati wa vita, akaiona ni kero kwa sababu iligandisha kila kitu. Alirudi kwake mwaka 1951, akiwa Kodak, na ikaanza kuuzwa mwaka 1958. Inachekesha: kampuni ya picha ndiyo iliyotupa gundi isiyofaa kabisa kwa picha. Inagandishwa na unyevu wa hewa, inakuwa ngumu kama kioo, karatasi ikijikunja inapasuka. Mvuke wake huacha ukungu mweupe. Polisi wanautumia kuonyesha alama za vidole. Sasa fikiria ukungu huo kwenye uso wa marehemu.

Halafu kuna albamu za kunata, zile zenye mistari ya gundi kwenye ukurasa na plastiki ya kufunika. Miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa fahari ya sebule, na wengi wenu mnazo. Gundi yake huzeeka kama ya selotepu, kadibodi yake mara nyingi ina asidi, na plastiki yake laini ikiwa ni ya PVC hutoa kemikali zinazofika kwenye picha. Baadhi ya picha zimegandia moja kwa moja. Nyingine zinadondoka zenyewe.

Kwa nini nakusumbua na haya

Unaweza kusema, picha si zipo kwenye simu? Za kwako zipo. Za babu yangu haipo nyingine popote.

Na mji huu unajua maana ya kukosa kitu cha kushika. Kila Februari 27 tunakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa hapa mwaka 1906. Ukoo wa Nduna Songea Mbano, ambaye mji unabeba jina lake, umekuwa ukitafuta fuvu lake linalosemekana kupelekwa Ujerumani. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikuja kwenye makumbusho yetu, akakutana na wajukuu wa ukoo huo, akaomba radhi. Nilipokuwa nasoma habari hiyo nilijiuliza: hawa wanatafuta alama ya mzee wao zaidi ya karne moja, ng'ambo ya bahari, mimi ya mzee wangu nilikuwa nayo mkononi, nikaimaliza kwa utepe wa shule. Picha ya babu haimo kwenye jumba lolote. Mtunzaji wake ni bibi, na baada ya bibi ni mimi. Na kwenu mtunzaji ni nani?

Basi, fanya hivi

Kwanza, piga picha ukurasa mzima kwa simu kabla ya kugusa kitu. Ukikosea, angalau sura imebaki.

Pili, usivute selotepu ya zamani. Kama plastiki imeachia yenyewe, iondoe, doa liache. Kwenye albamu ya kunata, pitisha uzi mwembamba wa kusafishia meno nyuma ya picha, taratibu, kama unakata sabuni. Ikigoma, iache palepale.

Tatu, gundi bora kwa picha ni ile isiyoigusa picha. Kata vipande vidogo vya karatasi nyeupe nzuri, vikunje viwe pembe nne, chomeka kona za picha humo, kisha bandika pembe hizo kwenye ukurasa kwa uji. Picha inakaa, na siku ukitaka kuitoa inatoka nzima. Albamu za zamani zenye kurasa nyeusi zilifanya hivyohivyo.

Nne, uji wenyewe. Kuna muhogo, kuna shughuli: paruza, kamua kwenye maji safi, chuja kwa kitambaa, acha utuame, mwaga maji ya juu. Kilichobaki chini ni wanga. Kijiko kimoja cha wanga kwa vijiko vitano au sita vya maji, moto mdogo, koroga bila kuacha mpaka uangaze. Upoe, uchuje tena. Paka jembamba, weka karatasi safi juu, kandamiza kwa kitabu kizito mpaka kesho. Usifunge albamu ikiwa mbichi.

Tano, maelezo ya nyuma ya picha yaandike kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino. Majina, mahali, mwaka. Muulize bibi leo, maana hicho ndicho kitu ambacho hakuna gundi itakayokirudisha.

Sisi tulifanya hivyo wiki nzima ya Krismasi. Bibi ndiye aliyepika, mimi nilichuja. Alinikumbusha kwamba wao uji huo walibandikia hata karatasi za ukutani, na kwamba mama yake alikuwa anatupia karafuu moja sufuriani, "isinuke." Kumbe mafuta ya karafuu ya mafundi wa vitabu yalikuwa jikoni kwetu siku zote.

Kipande cha kola nimekihifadhi kwenye bahasha ya karatasi, nyuma ya picha, ndani ya pembe zake nne. Doa la kahawia bado lipo kifuani. Nilimwambia bibi huenda siku moja mtaalamu akalipunguza. Akaitazama picha, akafunga albamu taratibu, akasema, "Si uso umebaki? Weka kabatini, mvua inakuja."